Mgonjwa Aulizwe Kwanza, Alaumiwe Baadaye

Aghalabu mtu afikaye hospitalini katika sehemu za Sindo, kando ya Ziwa Victoria, huwa tayari ameshameza dawa. Tabibu akimwuliza kama ametumia chochote tangu homa ianze, hujibu kwamba hajatumia. Dakika chache baadaye, akiwa nje kwenye benchi akingojea majibu ya maabara, humsimulia jirani yake kwamba usiku alimeza Panadol mbili, kisha kapsuli mbili alizoachiwa na shemeji yake, na alfajiri akanywa kikombe cha maji ya mwarobaini.

Je, mtu huyo ni mwongo? Mimi sidhani. Anachelea kukemewa mbele ya watu. Tena kwake yeye dawa ni ile aliyopewa na daktari. Alichokinunua dukani ni kitu cha kupunguza maumivu tu, na majani ya mti hayahesabiki kabisa. Katika Kijaluo neno yath lamaanisha mti na lamaanisha dawa vilevile. Anayeuliza swali kwa lugha ya hospitali hana budi kutarajia jibu la nyumbani.

Kila mara jambo hili linapozungumzwa hadharani, wananchi huambiwa waache tabia ya kujitibu, kana kwamba ni tabia kama ulevi au kamari. Ni nadra sana kusikia mtu akiuliza tabia hiyo ilitoka wapi.

Inafaa ikumbukwe kuwa serikali yenyewe ndiyo iliyotufunza. Kwa miaka mingi klorokwini iliuzwa katika kila duka la kijijini, ikiwa imepangwa kando ya chumvi na viberiti, na hapakuwa na kosa lolote. Mama aliyempa mwanawe vidonge hivyo mara tu mwili ulipopata joto alihesabiwa kuwa mama mwangalifu. Vijidudu vya malaria vilipoizoea klorokwini, serikali iliiacha mwaka 1998, ikatwambia tutumie Fansidar na dawa za jamii yake. Hizo nazo ziliuzwa madukani. Mwaka 2004 ikatangazwa kwamba hata hizo zimeshindwa, na kuanzia mwaka 2006 hospitali zikaanza kutoa dawa mseto iliyo na artemeta na lumefantrini. Kisha mnamo 2010 ukaja mpango wa kimataifa wa kuipunguzia bei dawa hiyo, ikawa na alama ya jani la kijani, na wenye maduka ya dawa wakashauriwa waiuze kwa shilingi 40. Lakini ni mwaka huohuo wa 2010 ambapo mwongozo wa wizara ulisisitiza kwamba asitibiwe mtu malaria kabla ya kupimwa damu. Mwananchi wa kawaida aliyefuata maagizo yote haya kwa utiifu angekuwa amebadilisha mwenendo wake mara nne katika miaka kumi na miwili. Tusistaajabu akishika lile la kwanza alilofunzwa.

Halafu kuna suala la fedha. Desemba 1989 hospitali za serikali zilianza kutoza ada chini ya mpango wa kugawana gharama, na idadi ya wagonjwa ikapungua sana. Ada ya usajili iliposimamishwa mwaka 1990, wakarudi. Baadaye, mwaka 2004, ada ilipunguzwa hadi shilingi 10 katika zahanati na 20 katika vituo vya afya, na mwaka 2013 ikaondolewa katika ngazi hizo mbili. Kwa hiyo yupo atakayesema kwamba kisingizio cha umaskini kimekwisha. Hajakaa foleni huyo! Zahanati ikikosa dawa, mgonjwa huandikiwa karatasi akanunue nje, yaani katika duka lilelile alilolipita asubuhi. Ameshalipa nauli ya pikipiki au ya mashua, amepoteza siku nzima, na mwisho wa safari ni kaunta ileile. Mara ya pili ataanzia hapo. Pia tusisahau migomo. Madaktari waligoma kwa siku mia moja tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017, wauguzi wakagoma kwa miezi mitano mwaka huo wa 2017, na madaktari wakarudia kati ya Machi na Mei 2024. Katika miezi hiyo yote duka la dawa halikufungwa.

Mvuvi naye ana hesabu zake. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta dagaa hao vizuri zaidi mbingu zikiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu kazi hulegea. Mtu akipatwa na homa katikati ya siku za giza, kila usiku anaoukosa ni chakula cha wiki na karo ya muhula. Anachotaka ni kitu cha kumwezesha kupiga kasia jioni hiyo. Si ajabu kwamba mojawapo ya dawa za maumivu zinazopendwa sana nchini huitwa Mara Moja. Aliyebuni jina hilo aliwajua wateja wake.

Yako pia magonjwa ambayo mtu hataki kuyataja mbele ya karani anayemfahamu. Kwa hayo duka lina sifa moja ambayo hospitali hukosa: halina daftari.

Nikisema hivi sitetei madhara yake, maana madhara ni makubwa. Hebu tuchukue dawa mseto ya malaria. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24, vinne kwa kila mkupuo, mikupuo sita katika siku tatu. Homa huelekea kushuka siku ya pili. Hapo mgonjwa huona amepona, na vile vilivyosalia huvitia kwenye kikopo juu ya kabati, akiba ya mtoto atakayeugua mwezi ujao. Huo ndio uwekevu tuliolelewa nao: hatutupi chakula, tutupe dawa? Lakini yeye hakumaliza matibabu, na yule mtoto atapewa kipimo ambacho hakuna aliyekipima, pengine kwa ugonjwa ambao si malaria kamwe. Homa ya mapafu nayo huanza kwa joto la mwili.

Kuhusu viuavijasumu hali ni mbaya zaidi. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba siku ikifika ambapo mtu yeyote aweza kuinunua dukani, wako watakaomeza kidogo mno na kuwafunza vijidudu kuistahimili. Siku hiyo imefika. Kwa mujibu wa sheria ya Kenya dawa hizo hazifai kuuzwa bila cheti cha daktari, ila kila mwanafunzi anayesoma makala haya anajua zinavyouzwa. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya vijidudu vya bakteria vilivyokuwa sugu kwa dawa.

Nimetaja wanafunzi kwa makusudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu watoto wa shule za msingi huko Bondo, ng'ambo ya ghuba kutoka kwetu, ulionyesha kwamba watoto wenyewe walikuwa wakijitibu, kwa miti shamba na kwa vidonge vya dukani, bila kumngojea mtu mzima. Walijua majina ya dawa. Vipimo ndivyo vilivyowapiga chenga.

Huko Kilifi, katika miaka ya tisini, watafiti waliamua kutopigana na wenye maduka. Waliwaita, wakawafundisha dawa ipi ya homa wauze, kiasi gani kwa umri gani, na mgonjwa gani wamkimbize hospitalini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba watoto waliopata kipimo kinachofaa waliongezeka sana. Sioni kwa nini jambo kama hilo lisijaribiwe katika kila kituo cha soko ufuoni mwa ziwa, wala kwa nini somo la kusoma kijikaratasi kilichomo ndani ya pakiti lisifundishwe darasa la sita.

Walimu wenzangu watanisamehe nikimalizia kwetu. Kwa miaka mingi nilikuwa na kikopo cha vidonge vya maumivu katika mtoto wa meza yangu katika chumba cha walimu. Mwanafunzi akija akishika kichwa, nilimpa viwili. Sikumwuliza alikula nini asubuhi, wala nani mwingine alikuwa amempa vingine. Siku moja msichana mmoja aliniambia, kwa adabu kabisa, kwamba hivyo vilikuwa vya sita tangu alfajiri, maana mwalimu wa zamu na matroni walikuwa wamemsaidia kabla yangu. Tulimpeleka hospitalini, naye akapona.

Sasa kikopo hicho kina pamba, bendeji na sabuni. Wanafunzi wangali wanakuja. Nikiwaambia sina vidonge hunishukuru na kwenda zao, na baadhi yao nimewaona kupitia dirishani wakikata njia kuelekea dukani.