Mpira Unaonata Sandukuni: Namna ya Kuokoa Vitu vya Kumbukumbu

Katika nyumba nyingi za Handeni na Korogwe hakukosekani sanduku au kabati lenye vitu visivyotumika tena lakini visivyotupwa: redio kaseti iliyonunuliwa kwa mshahara wa shamba la mkonge, kamera ya filamu, gramafoni na santuri zake, darubini, au mwanasesere wa binti ambaye leo ni mama. Siku vitu hivyo vinapotolewa, mshikio wa kamera hunata kama asali, miguu ya redio huwa imegandamana na ubao, na ndani ya redio mkanda wa mpira, ambao mafundi huuita belti, umegeuka ute mweusi mfano wa lami.

Baadhi ya wenye vitu hudhani huo ni uchafu, wakausugua kwa petroli. Wengine hudhani kitu chote kimekufa, wakakitupa pamoja na kanda zenye sauti za wazee waliokwisha kufariki. Dhana zote mbili huleta hasara. Katika makala haya tunaeleza chanzo cha kunata huko, tahadhari za kuchukua, na haki ya mlaji anaponunua au kutengenezesha vifaa vya zamani.

Si uchafu, ni mpira wenyewe

Mpira wa asili ni utomvu wa mti. Jambo hilo si geni mkoani Tanga: zama za utawala wa Kijerumani walowezi walipanda miti ya mpira wa Ceara katika maeneo yaliyo chini ya Milima ya Usambara, hadi bei ilipoporomoka mwaka 1913 kwa ushindani wa mpira wa mashamba ya Asia. Utomvu peke yake hulainika kwa joto. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukichanganywa na salfa na kupashwa moto huwa imara. Hata hivyo, uimara huo una mwisho. Oksijeni, joto na mwanga huukata mpira kidogo kidogo. Mwingine hulainika na kunata, mwingine hukauka na kupasuka.

Plastiki nazo huzeeka, kila aina kwa njia yake. Poliyurethani, inayotumika katika baadhi ya mikanda, sponji za hedifoni na rangi laini inayopakwa juu ya vifaa, huvunjwa na unyevu wa hewa. Soli nyingi za viatu zimetengenezwa kwa plastiki hiyo. Ndiyo sababu viatu vilivyotunzwa bila kuvaliwa huweza kumeguka soli siku ya kwanza ya kuvaliwa. Plastiki laini ya PVC huwekewa kilainishi kiwandani, na kadiri miaka inavyopita kilainishi hicho hujitokeza juu na kunata. Joto la chini ya mabati na unyevu wa masika huharakisha mambo haya yote.

Kwa hiyo mpira ulioyeyuka hauwezi kurudishwa katika hali yake kwa kuoshwa. Lengo la mwenye kitu liwe kuiondoa au kuitenga sehemu iliyokufa ili isiharibu sehemu iliyo hai.

Mambo ya kuepuka

Usitumie petroli, thina wala asetoni. Vimiminika hivyo huyeyusha plastiki nzima na kufuta maandishi ya masafa kwenye uso wa redio, na mvuke wa petroli huweza kuwaka kwa cheche ndogo au moto wa jikoni.

Usipake poda wala mafuta ya kupikia. Poda huficha kunata kwa muda mfupi, na mafuta huufanya mpira uvimbe na kulainika zaidi. Usianike kitu juani, kwa maana jua ni miongoni mwa visababishi vya ugonjwa wenyewe.

Usichomeke kwenye umeme chombo kilichokaa miaka mingi kabla fundi hajakikagua. Ganda la mpira la nyaya za zamani likipasuka huacha shaba wazi, nayo huweza kuua.

Kusafisha kwa hatua

Kwanza toa betri, kisha vaa glavu na ufungue madirisha. Ute mzito ukwangue kwa kijiti cha mti au cha plastiki, kamwe si kwa kisu. PVC inayonata ipanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yenye sabuni kidogo na kukamuliwa sana, kisha ikaushwe kivulini. Kilainishi huweza kujitokeza tena, hivyo kazi hiyo itarudiwa.

Rangi laini iliyogeuka gundi hutoka kwa pamba yenye spiriti ya hospitali. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Usiipitishe spiriti juu ya maandishi, kioo cha plastiki wala mbao zilizopakwa vanishi. Ukimaliza, acha kitu kikauke siku nzima kabla ya kurudisha betri.

Mabaki usiyachome moto. Moshi wa PVC una asidi inayodhuru mapafu.

Redio kaseti na kanda zake

Hapa ndipo hasara isiyofidika hutokea. Redio ikigoma kuzungusha kanda, kilichokufa mara nyingi ni mkanda wa mpira tu. Utepe ulio ndani ya kaseti huenda ungali mzima. Mwenye redio akilazimisha, gurudumu dogo la mpira lililolainika huweza kuunasa utepe na kuukata, na sauti ya marehemu ikapotea hapo.

Mwombe fundi abadilishe mkanda, asafishe ute wote uliobaki, na akague gurudumu hilo. Jaribu kwanza kwa kanda usiyoijali. Ikipiga vizuri, cheza kanda yenye thamani mara moja na wakati huohuo uinakili kwenye simu au kompyuta, kisha uihifadhi nakala mahali pawili. Kanda yenye ukungu isichezwe kabla ya kusafishwa na mjuzi.

Kuhifadhi

Chagua chumba chenye hewa na kisicho na joto kali. Usiweke vitu darini, karibu na jiko, wala kwenye sanduku la bati linalopigwa na jua. Inua vitu kutoka sakafuni. Vifunge kwa kitambaa safi cha pamba, si kwa nailoni inayozuia hewa. Tenganisha nyaya za PVC na plastiki ngumu, kwa kuwa kilainishi chake huitoboa na kuacha mfereji. Weka mpira mbali na fedha na shaba, kwa sababu salfa yake huzitia weusi. Vidonge vya kuzuia nondo visikae na plastiki. Kagua vitu vyote baada ya masika na baada ya vuli.

Unaponunua au kutengenezesha

Kabla ya kulipa, gusa mishikio na miguu ya kifaa, chunguza kama kimepakwa poda, na omba kifunguliwe na kuchezwa mbele yako. Sauti inayoyumba ni dalili ya mkanda uliolegea. Fundi akikuahidi kuurejesha mpira ulioyeyuka, usikubali. Kazi ya kweli ni kubadilisha. Dai risiti inayotaja sehemu iliyobadilishwa na uombe uoneshwe ile ya zamani.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa. Aliyeuziwa kitu kibovu kwa maelezo ya kwamba ni kizima ahifadhi risiti, arudi kwa muuzaji, na asiposikilizwa apeleke lalamiko Tume ya Ushindani.

Kwa mwenye vitu vingi na muda mchache, tunashauri aanze na kanda. Redio nyingine huweza kupatikana sokoni. Sauti iliyorekodiwa mara moja haipatikani popote.