Je, Wajua? Ng'ombe na punda wa Krismasi hawamo katika Injili

Pekua Mathayo na Luka: hutaona ng'ombe wala punda kando ya mtoto Yesu. Luka anataja hori tu. Wanyama hao wametoka kwa nabii Isaya (1:3), aliyesema wao humjua bwana wao ilhali Israeli haimjui Mungu wake. Wakristo wa kale wakausoma mstari huo kama utabiri wa Bethlehemu. Wachongaji nao waliwapenda wanyama hao, pengine kupita kiasi. Kwenye kifuniko cha jeneza la mawe la karne ya 4, katika kanisa la Mtakatifu Ambrosi mjini Milan, mtoto amelala kati ya wanyama hao. Mariamu na Yusufu hawapo! Mwaka 1223, huko Greccio, Italia, Fransisko wa Asizi aliwaleta ng'ombe na punda wakiwa hai kwenye misa ya Krismasi.