Mawazo Matatu ya Binti wa Musonoi

Usichana ni kipindi ambacho kila jamii hukitambua, ingawa si kila jamii hukipa urefu ule ule. Musonoi ni jina la mto, la mgodi na la mtaa wa wafanyakazi ulioko Kolwezi, katika mkoa wa Lualaba, nchini Kongo. Katika mtaa huo urefu wa usichana umebadilika zaidi ya mara moja ndani ya karne moja, na kila mara mkasi ulikuwa mkononi mwa mwingine: kwanza wazee wa ukoo, baadaye kampuni ya madini, na leo sheria ya nchi ikivutana na bei ya kobalti. Anayefuatilia mabadiliko hayo huona upesi kwamba swali la binti wa sasa kuhusu mwendo wa maisha yake si ndoto za ujana tu, bali ni swali kuhusu nani anampa muda wa kuwa msichana, na kwa gharama ya nani.

Kabla ya migodi, muda huo ulikuwa mfupi lakini mwisho wake ulijulikana. Wasanga na Wakaonde, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa na kisungu, yaani mafunzo na sherehe za kumtoa binti utotoni, zinazokaribiana na unyago wa pwani, ambako mwali hufundishwa na kungwi. Wandembu, wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Zambia, waliita sherehe yao Nkang'a, na mwanaanthropolojia Victor Turner, aliyeishi kwao upande wa Zambia mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza jinsi binti ambaye matiti yake yameanza kuota alivyolazwa, akiwa amefunikwa blanketi, chini ya mti wa mudyi, mti ambao utomvu wake ni mweupe kama maziwa. Mambo hayo hayakumpa binti uchaguzi mpana, na si haki kuyapamba kupita kiasi. Hata hivyo yalimpa kitu ambacho wengi wamekikosa baadaye, nacho ni mwanamke mzima mwenye wajibu wa kumjibu kila alipouliza.

Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1906, ilianza kwa kuajiri wanaume wasio na familia kwa mikataba mifupi, lakini vifo, utoro na gharama za kutafuta watu wapya kila mara viliilazimisha kugeuza sera katika nusu ya pili ya miaka ya 1920: mfanyakazi apewe nyumba, aje na mke, na watoto wazaliwe kambini wakiwa tayari wamezoea king'ora cha kazi. Kolwezi yenyewe ilianzishwa mwaka 1937, na mitaa kama Musonoi ikajengwa karibu kabisa na mashimo ya shaba. Kila familia ilipata matibabu, shule na posho, yaani mgawo wa chakula uliohesabiwa kwa kutazama mke na idadi ya watoto. Wavulana walielekezwa kwenye ufundi, na wasichana walifundishwa kushona, kupika, kufua na kulea, mafunzo ambayo mama zao pia waliyapata katika nyumba za kampuni zilizoitwa kwa Kifaransa foyer social. Usichana ulirefuka kwa miaka kadhaa ya darasani, na jambo hilo lilikuwa jema. Ila ulirefushwa kuelekea mlango mmoja tu, mlango wa nyumba ya mfanyakazi mwingine. Binti hakuwa na namba yake ya kazi, kwa kuwa alihesabiwa katika posho ya baba mpaka siku alipohamia katika posho ya mume.

Ni katika kambi hizo hizo ndipo lilipozaliwa fundisho linaloweza kutumika hadi leo kuyapima maisha ya binti. Mnamo mwaka 1953 Placide Tempels, padri Mfransisko aliyekwisha kujulikana kwa kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu falsafa ya Kibantu, alianzisha Kolwezi vuguvugu la Kikatoliki lililoitwa Jamaa, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyelichunguza katika miaka ya 1960, aliandika kwa kirefu juu ya mafundisho yake, ambayo yalitolewa kwa Kiswahili. Msingi wake ulikuwa mawazo matatu ya mtu: uzima, uzazi na mapendo. Uzima katika fundisho hilo si afya peke yake, bali ni nguvu ya kuwa mtu kamili. Uzazi si kuzaa tu, bali ni kupitisha uhai kwa wengine, kwa mwili na kwa roho. Na mapendo ni umoja wa watu wawili ambao kila mmoja amejifunua kwa mwenzake. Neno mawazo lina uzito hapa, kwa sababu Jamaa ilimfundisha mchimba shaba na mkewe kwamba kile kinachomfanya mtu kuwa mtu ni yale anayoyawaza na kuyatamani kwa ndani. Lakini Jamaa ilikuwa njia ya mume na mke walioingia pamoja, hivyo binti ambaye hajaolewa alibaki nje ya mlango, akingojea kuolewa ndipo mawazo yake yahesabiwe. Haielekei kuwa upotoshaji kuyachukua mawazo hayo matatu na kumrudishia yeye.

Wazo la uzima ndilo lililojeruhiwa zaidi. Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines, nayo iliendelea kuwa mlezi kwa zaidi ya miaka 20, hadi sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ilipoporomoka mwezi Septemba 1990 na ghasia za uporaji zikaikumba nchi mwaka uliofuata; uzalishaji wa shaba, uliokuwa umepita tani 450,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 50,000 ndani ya muda usiofika miaka 10. Mishahara ilikaa miezi mingi bila kulipwa, na mwaka 2003, katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoshwa kazini kwa malipo ya mkupuo. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 jina lililotaja bana Shaba, yaani watoto wa shaba, walioachwa na baba yao, na baba huyo ni kampuni kama alivyo mzazi mwenyewe aliyepoteza sauti nyumbani kwake. Katika historia hiyo inafaa kutazama kwa makini zaidi mahali pa binti, kwa kuwa mama alipotoka kwenda kulima na kuuza sokoni ili nyumba isilale njaa, maji, moto na wadogo vilimwangukia binti mkubwa. Watoto wa shaba waliachwa wote, lakini mabinti waliachwa wakiwa na mtoto mwingine mgongoni.

Kisha ikaja kobalti. Mwaka 1991, ule ule wa ghasia za uporaji, kampuni ya Sony ya Japani iliingiza sokoni betri ya kwanza ya lithiamu-ioni ya kuchajiwa tena, ambayo ilihitaji kobalti, na miaka ilivyopita, simu na magari ya umeme vilifanya mawe meusi ya Kolwezi, ambayo wataalamu huyaita heterojenaiti, yatafutwe hata chini ya sakafu za nyumba, kama ilivyotokea katika mtaa wa Kasulo mwaka 2014. Leo Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Wanaochimba kwa mikono huitwa kwa Kifaransa creuseurs, na kwa kawaida ni wanaume. Wanawake na wasichana huonekana zaidi kwenye maji, wakiosha, wakichambua na kubeba mawe, kazi ambayo malipo yake ni madogo na maradhi yake huchelewa kujionyesha. Sheria ya madini ya mwaka 2002 haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kupewa kadi ya kuchimba, lakini mtoni hakuna anayemdai kadi binti mwenye karai. Utafiti wa wanasayansi wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven, Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kobalti nyingi kuliko kawaida katika mkojo wa wakazi wa Kasulo, na kwa watoto zaidi kuliko kwa watu wazima. Hapo uzima na uzazi havitengani tena, kwani mwili unaoosha mawe leo ndio utakaobeba mimba kesho.

Kuhusu uzazi, sheria imesema wazi, ingawa ilichukua muda mrefu kupatana na yenyewe. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimruhusu mwanamke kuolewa akiwa na miaka 15 na kumtaka mwanamume afikishe 18. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 ikakataza ndoa na uchumba wa watoto. Na ni mwaka 2016 tu, baada ya miaka 7 ya sheria mbili kukinzana, ndipo Sheria ya Familia iliporekebishwa na umri ukawa 18 kwa wote. Hata hivyo, uchunguzi wa kaya wa kitaifa wa 2017–2018 ulionyesha kuwa takribani wanawake 29 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa au kuishi na mume kabla ya kufikisha 18. Sheria inataja umri, lakini haitoi ada wala chakula. Elimu ya msingi ya bure, iliyoandikwa katika Katiba ya mwaka 2006, ilianza kutekelezwa katika shule za umma mwezi Septemba 2019, na ni hatua kubwa kwa mabinti waliokuwa wa kwanza kutolewa darasani fedha zilipopungua. Lakini ada za sekondari zimebaki mabegani mwa wazazi, na ndipo wengi hukwama, katika miaka ile ile ambayo mahari huanza kutajwa.

Mapendo ni wazo ambalo binti wa sasa amelishika kwa nguvu kuliko bibi yake alivyoweza, kwa kuwa simu imempa mahali pa kuzungumza bila kusikika na wazee, na pia imempa watu wa kumdanganya bila kuonekana na wazee. Wafanyabiashara, madereva na wachimbaji wenye fedha za siku moja hupita Kolwezi kila wiki, na binti asiye na kungwi wala nyumba ya mafunzo hulazimika kujifunza peke yake kutofautisha ahadi na bei. Kumlaumu kwa hilo ni rahisi na si haki, maana waliovunja mafunzo ya zamani hawakuweka mengine mahali pake.

Wapo waliojaribu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 watawa wa shirika la Kikatoliki la Bon Pasteur wamefanya kazi katika vijiji na mitaa ya wachimbaji wa Kolwezi, wakitoa elimu kwa watoto waliokuwa migodini na kuwafundisha wasichana na wanawake kusoma, kulima, kupika na kushona. Msomaji anayeifahamu historia ya kambi anaweza kushtuka kuona cherehani imerudi, kana kwamba miaka 80 haikupita. Lakini katika nyumba ya kampuni binti alifundishwa kushona ili ajue kutunza nguo za mume, ambaye ndiye aliyelipwa. Sasa gauni linashonwa kwa mteja, na anayelishona ndiye anayepanga bei, anayepokea fedha, na anayeamua kama za mwezi huu zitakwenda kwenye unga au kwenye ada ya mdogo wake.