Mafuta ya Mwili na Uzazi wa Mama

Huku kwetu Pwani, toka Bagamoyo mpaka Saadani, mama asiyepata mtoto husemwa mengi. Mawifi humnong'ona, mume hushauriwa amrudishe kwao, wengine humpeleka kwa mpiga ramli. Ni wachache wanaomwuliza kama siku zake huja sawasawa, au kama amekonda au kunenepa kupita kiasi.

Zamani Wazaramo walimweka mwali ndani miezi mingi alipovunja ungo. Hakulima wala kuchota maji, akatoka amenawiri na watu wakamsifu. Kwa jambo moja hawakuwa mbali na kweli: mwili hauzai bila akiba.

Mwaka 1994 Bwana Jeffrey Friedman na wenzake, huko New York, waligundua homoni itokayo katika mafuta ya mwili, ikaitwa leptini. Hiyo ni kama tarishi apelekaye habari ubongoni kwamba ghalani mna chakula. Ubongo ukiona akiba ni haba, huzuia mayai ya uzazi yasipevuke, kwa maana mimba na kunyonyesha hudai chakula kingi. Uholanzi, wakati wa njaa ya vita ya 1944 na 1945, wanawake wengi walikosa hedhi. Chakula kiliporudi, nayo ikarudi. Basi mama aliyekonda apewe maharage, karanga na dagaa, tena apunguziwe mizigo.

Lakini, mama, usidhani kwamba kadiri unavyonenepa ndivyo utakavyozaa. Mafuta nayo hutengeneza estrojeni, homoni ya kike. Yakizidi, mwili hupotewa na hesabu yake, yai likachelewa au lisitoke kabisa. Chai ya sukari tele na maandazi kila asubuhi, bila jembe, vyaweza kumfikisha mtu huko. Hata hivyo si lazima uwe mwembamba kama ufito. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 5 hadi 9 taratibu, huenda siku zake zikatengemaa.

Ninyi mnaofuata siku za uzazi kwa njia ya asili, daftari lenu litawaonya mapema. Mkikaa mwaka mzima bila mimba, au miezi 6 ikiwa mama amepita miaka 35, nendeni hospitali wote wawili. Si mafuta pekee yanayozuia mimba. Mirija huweza kuziba, na mara nyingi kasoro iko kwa bwana. Mume anayekataa kupimwa, kisha akamlaumu mkewe, anamdhulumu. Na mama aliyekosa hedhi miezi 3, naye hana mimba wala hanyonyeshi, asingoje huo mwaka.