Dhima ya Sitiari katika Elimu na Mawasiliano ya Umma kuhusu VVU: Mifano kutoka Njombe na Makambako

Mkoa wa Njombe, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Iringa, umeshika nafasi ya kwanza Tanzania Bara kwa kiwango cha maambukizi ya VVU katika tafiti tatu za kitaifa zilizofuatana. Utafiti wa 2011/12 ulionesha asilimia 14.8, ule wa 2016/17 asilimia 11.4, na ule wa 2022/23 asilimia 12.7, wakati wastani wa taifa katika utafiti huo wa mwisho ulikuwa asilimia 4.4. Makundi ya umri yaliyopimwa hayakuwa yale yale katika tafiti zote, hivyo tarakimu hizo zisisomwe kama mstari mmoja unaoshuka na kupanda. Sababu zinazotajwa mara kwa mara ni za kijamii na kiuchumi: Makambako ni njia panda ambapo barabara ya kwenda Njombe na Songea inaachana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Zambia, na reli ya TAZARA inapita hapo hapo; mashamba ya chai na misitu ya mbao hukusanya vibarua walio mbali na familia zao; na tohara ya wanaume ilikuwa haba kiasili. Makala hii inashughulikia kipengele kingine, yaani lugha ambayo kwayo ugonjwa huu unafundishwa na kuzungumzwa.

Lakoff na Johnson (1980) walieleza kwamba sitiari ni namna ya kufikiri kabla ya kuwa pambo la usemi. Dhana ngeni, yaani kikoa lengwa, hueleweka kwa kupitia dhana iliyozoeleka, yaani kikoa chanzi. Na kila sitiari huangaza baadhi ya sifa za jambo na kuficha nyingine. Sontag (1989) alitumia hoja inayokaribiana na hiyo kuzikosoa sitiari za kivita katika maelezo ya UKIMWI. Ukosoaji wake una uzito, lakini hauwezi kuchukuliwa kama wito wa kuacha sitiari, kwa kuwa mwalimu wa afya hana lugha nyingine ya kuelezea kitu kisichoonekana kwa macho. Swali lenye manufaa zaidi ni sitiari ipi inamwachia msikilizaji nafasi ya kutenda. Hapa inapendekezwa kwamba jibu hutegemea kwa kiasi kikubwa kama kikoa chanzi kina viwango au hakina.

Lugha ya mitaani ndiyo iliyotangulia. Mtu aliyeambukizwa husemwa kuwa amekanyaga waya, ameungua, au ana ngoma. Mbili za mwanzo zinatoka katika kikoa cha moto na umeme, nacho hakina daraja: waya wenye umeme ukikanyagwa umekanyagwa, na kilichoungua hakirudi kuwa kibichi. Misemo hii iliingia katika matumizi kabla dawa za kupunguza makali ya VVU hazijaenea katika vituo vya umma, na kwa wakati ule haikuwa mbali na uhalisia. Tatizo ni kwamba imebaki wakati uhalisia umebadilika. Leo mtu anayetumia dawa ipasavyo hadi virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Msikilizaji anayefikiri kwa sitiari ya waya hana mahali pa kuiweka taarifa hiyo. Kwake, waya wenye umeme usioua ni maneno yanayopingana. Kijana wa aina hiyo ana sababu ndogo sana ya kwenda kupima, kwa kuwa kipimo kitamwambia tu kwamba ameshaungua.

Lugha ya kliniki ina sitiari tofauti, ingawa watumiaji wake wengi hawaitambui tena kama sitiari. Neno *makali* linakichukulia kirusi kama kisu au panga, na dawa kama kitu kinachokifanya butu. Ubutu una viwango: kisu kinaweza kuwa butu kidogo, butu sana, na kinaweza kunolewa tena. Kwa maelezo ya tiba ya maisha yote, hii ni sitiari bora kuliko inavyodhaniwa, na mkulima wa Njombe anayenoa fyekeo lake kila msimu haihitaji ufafanuzi. Mabadiliko yanayofanana na hayo yametokea katika kirefu cha UKIMWI chenyewe. *Ukosefu wa Kinga Mwilini* na *Upungufu wa Kinga Mwilini* vyote vimetumika, lakini cha pili ndicho kinachofaa: ukosefu hauna kiwango, upungufu unacho.

Neno *kinga* linahitaji kujadiliwa kwa kirefu zaidi, kwa kuwa linabeba mizigo mitatu kwa wakati mmoja: uwezo wa mwili kupambana na maradhi, kondomu, na hatua yoyote ya kuzuia maambukizi. (Kinga ya methali ya *kinga na kinga ndipo moto uwakapo* ni neno jingine, kijinga cha moto, lakini ukaribu huo wa maneno ya kuzuia na kuwasha unastahili uchunguzi wa peke yake.) Kikoa chake chanzi ni kile cha kitu kinachotangulizwa mbele ya pigo, kama ngao. Mtu husema amekingwa au hajakingwa. Majaribio yaliyofanyika Kenya, Uganda na Afrika Kusini yalionesha kwamba tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa takribani asilimia 60, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza. Mikoa ya Iringa na Njombe ikawa miongoni mwa maeneo ya mwanzo ya huduma hiyo nchini. Asilimia 60 ni kiwango, lakini tangazo likisema *tohara ni kinga*, kiwango hicho hutoweka. Aliyetahiriwa anaweza kujiona amesimama nyuma ya ngao, na kondomu, ambayo nayo huitwa kinga, ikaonekana kuwa ngao ya pili isiyo na kazi.

Mitaani hali imekwenda upande mwingine. Govi huitwa *mkono wa sweta*. Katika mji ambao baridi ya Juni na Julai humlazimu kila mtu kuvaa sweta, taswira hii inaeleweka papo hapo, na ucheshi wake hupunguza aibu ya kuzungumzia jambo la faragha. Kwa hiyo ina nguvu ya kumfikisha kijana mlangoni mwa kituo cha afya. Hata hivyo haisemi lolote kuhusu maambukizi, na inambeza baba wa kijana huyo, ambaye kwa mila za Wabena hakulazimika kutahiriwa. Ujumbe unaomcheka mzee hauna uhakika wa kupokelewa na mzee, hata ukimfaa mwanawe.

Shuleni sitiari inayotawala ni ya kivita: chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili, na virusi ni adui anayewashambulia. Kwa mwanafunzi wa shule ya msingi anayejifunza kwa Kiswahili, maelezo hayo hufungua mlango mzuri. Akifika sekondari, lugha ya kufundishia inakuwa Kiingereza, na sitiari aliyokuwa nayo haiendelezwi wala kusahihishwa. Anabaki na askari wa utotoni pamoja na istilahi za kigeni zisizoungana nao. Nyumbani huenda bibi yake anauzungumzia ugonjwa huo huo kwa Kibena.

Mfano wa mafanikio ulitoka redioni. Mhusika Fataki, aliyesikika katika matangazo ya kitaifa kuanzia mwishoni mwa muongo wa 2000, alikuwa mtu mzima anayewanyemelea mabinti wa shule. Jina lake likawa nomino ya kawaida. Kabla ya hapo lawama ilizoea kumwangukia binti. Sitiari ya kitu kinacholipuka iliihamishia kwa mwanamume, na ikawapa majirani neno moja la kumwitia.

Linalosalia ni kuwatunza walio katika tiba. Wanaoacha dawa huitwa *watoro*, neno la shule na kambi, ambalo humfanya anayerudi kituoni ajione anakuja kuadhibiwa. Aidha, dawa husemwa *zinafubaza* virusi. Kufubaa ni hali ya nguo iliyopoteza rangi, na nguo iliyofubaa hairudishi rangi yake yenyewe; anayeambiwa kwamba virusi vyake vimefubaa ana haki ya kudhani kwamba safari imekwisha. Akiacha vidonge, virusi vinarudi kwa wingi. Mhudumu anayesema *virusi vimelala* yuko karibu zaidi na ukweli wa kibayolojia, kwa kuwa baadhi ya virusi hubaki vimejificha ndani ya chembe za mwili hata visipoonekana katika kipimo, na kila msikilizaji anajua kwamba kilicholala huweza kuamka.