Okapi: neno la msitu wa Ituri lililoingia katika Kiingereza

Picha yake iko kwenye noti ya franka 1000, na jina lake limepewa redio inayosikilizwa nchini kote tangu mwaka 2002. Neno "okapi" limo pia katika kamusi za Kiingereza na Kifaransa, lakini halikutoka Ulaya. Lilitoka kwa wakaaji wa msitu wa Ituri na kandokando yake: Wambuba walisema "okapi", Walese wakasema "o'api".

Wazungu walichelewa kumjua. Mwaka 1890, Stanley, aliyekuwa amevuka msitu huo, aliandika kwamba Wambuti hukamata kwa mashimo mnyama anayefanana na punda. Yeye aliandika jina "atti". Maneno hayo machache yalimvutia Harry Johnston, mwakilishi wa serikali ya Uingereza nchini Uganda.

Mwaka 1900, Johnston aliwarudisha Kongo Wambuti waliokuwa wametekwa na Mjerumani aliyetaka kuwaonyesha watu huko Paris. Wakamweleza habari za mnyama huyo. Huko msituni wenyeji walimwonyesha hata nyayo zake, zenye kwato mbili. Johnston hakuamini: alitafuta nyayo za punda, akadhani wamekosea. Aliondoka na vipande vya ngozi yenye mistari tu.

Kutokana na vipande hivyo, wataalamu wa London walimhesabu kuwa ndugu ya farasi na punda milia. Mwaka 1901, ofisa Karl Eriksson, Mswidi aliyetumikia Wabelgiji, alimpatia Johnston ngozi nzima na mafuvu mawili. Ndipo ikajulikana kwamba mnyama ni ndugu ya twiga, na kwamba wenyeji walikuwa wamesema kweli kuhusu kwato. Wataalamu wakamwita Okapia johnstoni: neno la kwanza ni la watu wa msitu, la pili ni la Mwingereza.

Leo neno hilo linajulikana duniani, lakini mnyama mwenyewe anaishi porini katika RDC peke yake. Hifadhi ya Okapi iliundwa mwaka 1992, UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikaitia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mnamo Juni 2012, watu wenye silaha walishambulia kituo cha Epulu, wakaua watu pamoja na okapi waliotunzwa hapo. Mpaka sasa hifadhi hiyo haijatoka kwenye orodha ya hatari.