Mpe Msikilizaji Kalamu: Kipimo cha Wimbo Uliorekodiwa Nyumbani Lamu

Kurekodi wimbo Lamu si lazima tena kuanze kwa safari ya Mombasa. Kijana wa mtaa wa Mkomani au Langoni mwenye udi au gitaa hujifungia chumbani, akarekodi sauti yake na ala kwa simu au maikrofoni ya bei nafuu, kisha akazichanganya kwa programu kama Audacity, ambayo haimgharimu hata senti. Kilichobaki kigumu ni kupata mtu wa kumwambia ukweli kuhusu huo mchanganyo. Wimbo hutumwa kwa jamaa na marafiki, na majibu hurudi upesi: mashallah, hongera, moto kabisa. Majibu hayo ni mapenzi, na mapenzi yana thamani yake, lakini hayamwambii mwimbaji kama udi umeifunika sauti au kama eko imezidi. Ipo njia rahisi ya kupata maoni yenye manufaa: umpe wimbo mtu ambaye hajawahi kuyaona mashairi yake, umkabidhi kalamu, umwombe aandike kila neno analolisikia. Karatasi atakayorudisha itakueleza mengi kuliko sifa za kundi zima la WhatsApp.

Mtunzi mwenyewe hafai kuwa hakimu wa jambo hili. Anayajua maneno, na akili inayoyajua maneno huyasikia hata yasipokuwapo. Mwaka 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Warren, alichapisha jaribio lake katika jarida la Science. Alichukua sentensi iliyorekodiwa, akakata sauti moja ndani ya neno, na mahali pake akaweka kikohozi. Wasikilizaji waliamini wamelisikia neno zima, na hawakuweza kuonyesha barabara kikohozi kilitokea wapi. Ikiwa mtu anayeisikia sentensi kwa mara ya kwanza huzibiwa pengo na akili yake, itakuwaje kwa aliyeutunga wimbo, akaukariri, kisha akashinda akiusikiliza tena na tena? Rafiki aliyehudhuria mazoezi naye yumo katika hali hiyo hiyo. Ndiyo maana sikio geni ni mali ya kutunzwa: hufaa mara moja tu kwa wimbo mmoja, kwani likishayazoea maneno haliwezi tena kuyapima. Anayemtumia kila mtu rasimu ya kwanza amewamaliza mashahidi wake kabla kesi haijaanza.

Lakini kwa nini kipimo kiwe maneno, si udi au mdundo? Kwa sababu katika muziki wa Lamu ala humfuata mshairi. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyejijengea jina Mombasa kwa kupiga udi, aliimba tungo za kale za pwani pamoja na mashairi aliyopewa na mshairi Sheikh Ahmed Nabhany. Ufundi wa vidole vyake ulipendwa sana, lakini ulikuwa ukilibeba shairi. Kabla yake, Muhammad Kijumwa, aliyepiga kinanda cha nyuzi mjini Lamu, alikuwa pia mwandishi wa khati aliyewanakilia tenzi wataalamu kama Alice Werner na William Hichens. Katika miaka ya 1970 utenzi wa mshairi wa Lamu, Ustadh Mahmoud Mau, uitwao Wasiya wa Mabanati, ulienea kwa kanda za kaseti ukighaniwa, bila studio kubwa nyuma yake. Msikilizaji wa pwani hungoja fumbo, na fumbo lote linaweza kukaa katika neno moja. Neno hilo likizama, wimbo umebaki mlio mtamu usio na kisa.

Sasa tutazame mahali penyewe pa kurekodia, kwa sababu makosa mengi ya mchanganyo wa nyumbani huzaliwa kabla programu haijafunguliwa. Nyumba ya kale ya Lamu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, kwa hiyo vyumba huwa virefu lakini vyembamba, upana ukikaribia mita tatu. Zidaka za ukutani hutawanya sauti kidogo, lakini lipu ngumu huirudisha sehemu kubwa. Chukua chumba chenye upana wa mita 2.8: sauti ya takriban hezi 62 itagonga kuta mbili na kujirudia ikijiongezea nguvu, na ile ya hezi 124 vivyo hivyo. Hizo ni sehemu za nyuzi nene za udi, na hiyo ya pili ni ya sauti ya mwanamume pia. Matokeo yake ni kwamba noti chache huvuma kupita nyingine, na mwimbaji hudhani amekosea kupiga. Magodoro na mablanketi yatapunguza mwangwi wa juu, lakini mvumo huo wa chini hauyajali. Afadhali mwimbaji asogee mbali na ukuta, ambako mvumo huwa mkubwa zaidi, na aisogelee maikrofoni. Umbali kati ya mdomo na maikrofoni ukipunguzwa kwa nusu, sauti ya moja kwa moja hupanda kwa takriban desibeli 6, huku mwangwi wa chumba ukibaki karibu pale pale.

Hapo ndipo karatasi ya msikilizaji inapoanza kusomeka. Makosa yakijaa mwishoni mwa mishororo, mahali sauti inaposhuka na mwangwi wa neno lililotangulia bado unaning'inia, eko imezidi au chumba kinarudisha mno. Yakitokea pale tu mpigaji anapokung'uta nyuzi kwa nguvu, ala inagombea nafasi na sauti, na dawa ni kuishusha ala mahali hapo badala ya kuipandisha sauti kila mahali. Yakiwa kwenye konsonanti, sauti imepoteza ile sehemu ya juu, kuanzia hezi 2,000 hivi na kuendelea, inayobeba s, sh, t na k. Kiamu, lahaja ya Lamu, kina hatari yake ya ziada: paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo, na paa wa mwituni hutamkwa kwa mpumuo. Tofauti hiyo ni pumzi fupi mno, na mwangwi mdogo tu unaimeza. Kwa hiyo karatasi humwonyesha mwimbaji kosa liko mshororo gani na huenda limeletwa na nini, jambo ambalo neno “nzuri” haliwezi.

Mtu anaweza kusema kwamba kipimo hiki kinaonea lahaja. Msikilizaji wa Nairobi atakosa maneno ya Kiamu hata yakitamkwa mbele ya uso wake, na mwenyeji wa Faza, anayezungumza Kitikuu, anaweza kuandika neno kwa namna yake. Hoja hiyo ni ya kweli, na inatibika kwa kutumia wasikilizaji wawili, mmoja wa Lamu na mmoja wa mbali. Neno walilolikosa wote wawili ni la kuangaliwa kwanza katika mchanganyo. Neno alilolikosa yule wa mbali peke yake huenda ni la lahaja, na hapo mwimbaji hana deni. Lamu haina haja ya kusawazisha lugha yake ili ieleweke jijini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: wimbo si imla. Kuna tarabu ambayo watu hulia nayo bila kushika kila neno, na kuna udi unaosema peke yake. Ni kweli, na hakuna anayedai kwamba wimbo unaosikika vizuri ni wimbo mzuri. Kalamu hupima sakafu, haipimi dari. Mwimbaji anaweza kuamua kwa makusudi kulizamisha neno ndani ya nyuzi ili msikilizaji alitafute, kama ambavyo mshairi huficha maana. Lakini kuficha kwa makusudi ni sanaa, na kuficha bila kujua ni ajali. Karatasi humjulisha yaliyofichika, ili kila neno lililozama liwe limezama kwa idhini yake.

Wengine watauliza kwa nini asitafutwe prodyuza mwenye uzoefu. Atafutwe, ila baadaye. Fundi anajua dawa, lakini naye husikiliza kwa spika nzuri na kwa masikio yaliyozoea kuchambua, ilhali wimbo wenyewe utaishi kwenye simu. Spika ndogo ya simu hutoa sauti chache mno za chini, hivyo besi iliyopendeza kwenye hedifoni hupotea na mizani ya wimbo hubadilika. Kwa hiyo msikilizaji mwenye kalamu asikilize kwa simu yake, faili ikiwa imetumwa nzima, si wimbo uliorekodiwa upya kama ujumbe wa sauti. Na ikibidi kulinganisha michanganyo miwili, kwanza isawazishwe ukubwa wa sauti. Utafiti wa Fletcher na Munson, uliochapishwa mwaka 1933, ulionyesha kwamba sauti ikipunguzwa, sikio hupoteza zaidi ile ya chini. Mchanganyo uliopazwa utaonekana mnono na kushinda hata kama ndio mbovu.

Mwimbaji wa tarabu wa Zanzibar, Siti binti Saad, na wenzake waliporekodi Bombay mwaka 1928, hapakuwa na namna ya kutenganisha sauti na ala baada ya kupiga. Mizani ilipatikana kwa kupanga nani akae karibu na nani akae mbali, na kosa lililoingia katika santuri halikutoka. Mrekodi wa leo wa Lamu anaweza kurudia usiku kucha, lakini fursa hiyo haina faida asipojua arudie nini. Hapa ndipo adabu ya pwani, ambayo mara nyingi hulaumiwa kwa kuzuia ukweli, inapopata njia. Kijana hatamwambia mzee kwamba udi wake umemeza maneno, na shangazi hatauvunja moyo wa mpwa wake. Ukiwauliza wimbo umekaaje, watasifu, kwa sababu ndivyo walivyolelewa. Ukiwaomba waandike walichosikia, hawajaombwa kumkosoa mtu. Wataandika kwa unyofu, na heshima itabaki mahali pake. Anayetaka maoni ya kweli Lamu aanze kwa kubadilisha swali.